Teknolojia ya Kufundishia: Jina, Kazi na Mahali pa Kuisomea

Kijana wa Watamu, pwani ya Kenya, aliyemaliza kidato cha nne akisema anataka kusomea teknolojia ya elimu, jamaa humdhania anakwenda kuwa fundi wa kompyuta. Akisema anataka kusomea maktaba za shule, humwona kama mlinzi wa vitabu mwenye funguo mfukoni. Dhana zote mbili ni potofu, na chanzo kimojawapo ni istilahi tulizozipokea bila kuzichambua. Jina likipotosha, kijana huchagua kozi isiyo yake, na shule huajiri mtu asiye wa kazi hiyo.

Tuanze na maana. Mwaka 1994 chama cha Marekani cha wataalamu wa mawasiliano na teknolojia ya elimu, ambacho chimbuko lake ni la mwaka 1923, kiliieleza fani hii kuwa ni nadharia na utendaji wa kubuni, kuandaa, kutumia, kusimamia na kutathmini michakato na nyenzo za kujifunzia. Katika maelezo hayo mashine haikutajwa. Ramani ya ukutani, kipindi cha redio, chaki, simu na jani la mti vyote vinaingia, mradi vimechaguliwa kwa kusudi na matokeo yake yakapimwa.

Kwa Kiswahili tuna tafsiri tatu zinazoshindana. "Teknolojia ya elimu" ni pana mno, kwani elimu hubeba pia mitihani, usajili wa wanafunzi na uhasibu wa karo. "Teknolojia ya ufundishaji" inakaribia, ila macho yote inayaelekeza kwa mwalimu. Ya tatu, "teknolojia ya kufundishia", ndiyo ninayoitetea. Kauli ya kutendea hapa inafanya kazi ileile inayoifanya katika kalamu ya kuandikia na jiko la kupikia: inauliza ni kwa chombo gani, kwa njia gani. Walimu wa Tanzania wamezoea kutaja zana za kufundishia na kujifunzia kwa pamoja, na neno hilo la pili linamrudisha mwanafunzi mahali pake. Kwa hiyo jina kamili liwe teknolojia ya kufundishia na kujifunzia, na kwa mkato, teknolojia ya kufundishia.

Neno "midia" lina taabu yake. Tukilifasiri "vyombo vya habari", msomaji anafikiria gazeti na runinga, na mkutubi wa shule anageuka mwandishi wa habari. Kinachokusudiwa ni kila kinachobeba maarifa: kitabu, picha, sauti, filamu, programu. Kiswahili kina neno "nyenzo", ambalo asili yake ni gogo linalowekwa chini ya kitu kizito ili kisukumike. Somo gumu nalo husogea likipata nyenzo yake. Ndiyo maana naona "maktaba ya nyenzo" inafaa kuliko "maktaba ya midia". Muungano wa maktaba na nyenzo una historia: mwaka 1969 wakutubi wa shule wa Marekani na wataalamu wa picha na sauti walitoa viwango vya pamoja, wakakubaliana kwamba vitabu na nyenzo nyingine za shule visimamiwe kama huduma moja. Tangu hapo vyuo vingi vya huko vimezifundisha fani hizi zikiwa jirani.

Upande wa vitabu hatuna shida ya maneno. Kitabu, katibu, maktaba na mkutubi ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, na fani yenyewe tunaiita ukutubi. Shida ni kwamba shuleni tunamtafuta mkutubi vitabu vinapopotea tu, ilhali kazi yake hasa inaanza kabla ya somo.

Tazama mfano wa karibu. Mwalimu wa gredi ya sita ana somo la mikoko, na hori la Mida liko jirani. Wataalamu wa fani hii hufuata hatua tano: uchambuzi, usanifu, uandaaji, utekelezaji na tathmini. Katika uchambuzi mwalimu anagundua kwamba watoto wa vijiji vya Mida na Dabaso wanaijua mkoko, mchu na mkandaa kwa majina, lakini hawajaulizwa kwa nini mizizi yake haifanani. Katika usanifu anaweka lengo: mwanafunzi aweze kuitofautisha miti hiyo, na aeleze kwa nini vijiti vya mizizi ya mchu vinachomoza juu ya tope, ambako vinavuta hewa. Katika uandaaji anatazama jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ajue saa ya maji kupwa. Anaomba ruhusa, na anamtafuta mzee wa kijijini anayeijua miti hiyo. Katika utekelezaji, huko horini, nyenzo bora ni jani lenyewe: ukililamba la mchu utaonja chumvi ambayo mti umeitoa nje. Tathmini hufanyika darasani, kila mtoto akipewa majani matatu yasiyo na jina.

Mkutubi yuko wapi hapo? Ndiye aliyempa mwalimu kitabu cha mimea ya pwani kutoka rafu ya 500, rafu ya sayansi kwa mpango wa Dewey. Ndiye pia atakayeihifadhi sauti ya mzee iliyorekodiwa kwa simu, aiandikie jina, tarehe, mahali na mada, ili mwalimu wa mwaka ujao asianze upya. Bila mtu huyo, kazi nzuri hufa na simu ya mwalimu mmoja.

Kenya ilianza kugawa vishikwambi vya darasa la kwanza mwaka 2016, pamoja na vifaa vya walimu na projekta. Mwaka 2019 mtaala wa umilisi ukaanza kutekelezwa, na ujuzi wa kidijitali ukawa miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Hizo ni hatua kubwa. Lakini kifaa hakijisanifii somo, na shule inayonunua vifaa pasipo mtu wa kuvipangia kazi imenunua nusu ya teknolojia.

Sasa, pa kusomea. Nchini Kenya fani hii ina milango miwili, na ni lazima kijana aijue kabla ya kujaza fomu ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Mlango wa kwanza ni ualimu. Mwenye wastani wa C+ anaweza kuomba shahada ya elimu, na kwa kijana wa Watamu chuo kikuu cha karibu ni Pwani, mjini Kilifi, kilichopata hati yake mwaka 2013. Teknolojia ya kufundishia hufundishwa ndani ya shahada hiyo kama somo, kisha mtu hubobea katika uzamili. Vyuo vikuu vya Kenyatta na Nairobi vimekuwa na idara za mawasiliano na teknolojia ya elimu. Mlango wa pili ni sayansi ya habari na ukutubi. Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo chake cha fani hii mwaka 1988, na Kenyatta nacho kinafundisha ukutubi. Mwenye C- anaweza kuanzia stashahada. Katika kanda, Makerere ilifungua shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki mwaka 1963, na Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi kilicho chini ya bodi ya maktaba ya Tanzania.

Milango hiyo haifiki pamoja. Wa kwanza unaelekea kwenye usajili wa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC); wa pili, peke yake, hauelekei huko. Mkutubi wa shule ya umma kwa kawaida huajiriwa na bodi ya shule, na mishahara ya bodi hutegemea mfuko wake. Anayeipenda kazi hii kwa dhati na aanze na shahada ya ualimu, kisha aongeze ukutubi au teknolojia ya kufundishia katika uzamili. Atakuwa na nambari ya TSC na ujuzi wa nyenzo kwa wakati mmoja. Anayetamani kozi ya Marekani akumbuke kwamba nyingi zimeundwa kutoa leseni ya jimbo fulani la huko. Aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kuhusu kutambuliwa kwa shahada hiyo kabla ya kulipa karo.

Na popote atakapoomba, asitosheke na jina la kozi. Aombe orodha ya masomo yake na atafute mambo manne: usanifu wa somo, upangaji wa maarifa, tathmini na mazoezi shuleni. Kozi iliyojaa programu za kompyuta bila mazoezi shuleni itamfanya fundi wa mashine. Iliyojaa kanuni za rafu bila usanifu wa somo itamfanya mtunza ghala. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la maktaba, na Kilifi ina vijana wanaoweza kuzijaza nafasi za ukutubi; kilichobaki ni bodi za shule na kaunti kuitangaza kazi hii kwa jina lake, mwalimu-mkutubi, na kuitengea mshahara.