Pijo, Datsun na Barabara ya Soni

Chukua gari la zamani lenye kabureta, lirekebishe Tanga ufukweni mpaka lingurume vizuri, kisha lipandishe Lushoto. Kabla hujafika Soni litaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi. Halijaharibika. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na katika kilomita hizo unapanda karibu mita elfu moja. Hewa ya Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabureta haina habari na mlima. Inamimina petroli kana kwamba bado iko pwani. Fundi anafungua plagi, anazikuta nyeusi kwa masizi, anapunguza petroli kidogo, na kikohozi kinakwisha.

Marekebisho ya namna hiyo, yanayofanywa kando ya njia, ndiyo yaliyobeba historia ya magari ya mbio Afrika Mashariki.

Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Yalizoea kufanyika wakati wa Pasaka, masika ikiwa imepamba moto, katika barabara zile zile za wananchi. Dereva alikata kona akijua upande wa pili kunaweza kuwa na ng'ombe au lori lililosheheni mkonge. Milima ya Usambara ilikuwa na sifa mbaya miongoni mwa madereva, na aliyewahi kupita huku mvua ikinyesha haulizi kwa nini. Barabara imechongwa ubavuni mwa mwamba tangu enzi za Wajerumani, walioiita Lushoto Wilhelmstal. Upande mmoja ukuta wa jiwe, upande wa pili korongo. Ukiacha lami kuelekea vijijini, udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na safari hii tena yakamaliza saba. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, ushindi ulikuja Tanzania: Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa mkazi wa nchi hii, na msomaji ramani wake Chris Rothwell, walishinda mara mbili mfululizo, nao pia wakiwa na 404.

Hapo pananigusa, kwa sababu Pijo 404 halikuwa gari la mbio. Lilikuwa gari la familia, lenye injini ya silinda nne ya sentimita za ujazo 1,618 na umbo lililochorwa na Pininfarina wa Italia. Ndugu zake wa aina ya pikapu na steshen wageni walibeba abiria na mizigo Afrika Mashariki yote kwa miaka mingi. Fundi aliyelijua Pijo la mwalimu au la mfanyabiashara alilijua pia gari la bingwa. Alijua, kwa mfano, kwamba difu lake si la kawaida: ndani kuna nondo yenye uzi kama wa skrubu inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Ukitia oili ya difu ya magari mengine, dawa zilizomo zinaila ile shaba taratibu. Mtu anayelifufua 404 leo bila kulijua jambo hilo ataliua kwa mara ya pili, hata rangi yake ing'ae namna gani.

Gari la michezo halisi lilikuja na Wajapani. Datsun 240Z lilikuwa la viti viwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nalo Safari, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Kampala, ndani ya gari kama hilo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, baada ya kulingana alama na Harry Källström na kuamuliwa kwamba yeye ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama ya kwanza. Familia yake ilikuwa imefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka uliotangulia.

Baada ya hapo tuliachwa. Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalibaki Kenya pekee. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Petroli ilikuwa adimu kiasi kwamba magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Fedha za kigeni hazikuwepo, kwa hiyo na vipuri havikuwepo. Ndipo mafundi walipoonyesha uwezo wao: gasketi ikakatwa kwa mkono, bushi ikachongwa kutoka tairi kuukuu, pistoni ya gari moja ikapelekwa kwa mwenye mashine ikaingia gari jingine. Na mashine zilizoshindikana zikakaa uani, kuku wakatagia ndani, mpaka wanunuzi wa skrepa wakaja na mizani.

Naiona hasara hiyo kila nikifikiria kazi ya kulifufua 240Z katika gereji ya nyumbani, ambayo inaanza kwa kutafuta kutu. Gari hilo halina fremu ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo mgongo. Kutu hupenda chini ya betri, ambako tindikali hudondoka, kisha sakafuni na kwenye vizingiti vya milango. Fundi bodi mwaminifu hafuniki kwa puti. Anakata bati lililooza mpaka afikie chuma kizima, anachomelea bati jipya, ndipo anafikiria rangi. Kabureta ni mbili, na lazima zivute hewa sawasawa. Kwa kazi hiyo mafundi wa zamani walitumia kipande cha mpira: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, wakilinganisha mvumo wa moja na wa pili.

Mwaka 2003, Safari ilipotimiza miaka 50, magari ya enzi hizo yalirudishwa barabarani kwa mashindano ya East African Safari Classic, Kenya na Tanzania. Ian Duncan wa Kenya alishinda 2009 kwa Ford Mustang. Mwaka 2011 Björn Waldegård alishinda kwa Porsche 911 akiwa na miaka 68, na 2015 Stig Blomqvist naye kwa Porsche iliyoandaliwa katika karakana ya Tuthill, Uingereza. Datsun la Herrmann limetunzwa na Nissan huko Japani. Tanga ina makumbusho ya Urithi, ndani ya boma la zamani. Ningesafiri kwenda kuona Pijo moja tu, lenye difu zima na oili yake sahihi, limeegeshwa pale uani.

Na kabla ya kuliegesha, ningeomba lipandishwe kwanza Lushoto, lirudi Mombo kwa gia ya pili, bila kuchosha breki zake za ngoma, kisha plagi zifunguliwe. Zikiwa na rangi ya kahawia iliyopauka, fundi amemaliza.