Unga wa keki uliotupwa Ruvuma

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya keki. Najua wapo watakaocheka na kusema kwamba bwana huyu sasa ameishiwa, maana wiki zilizopita alikuwa akizungumzia bei ya korosho na leo amehamia jikoni. Nakuomba uniwie radhi na unisikilize mpaka mwisho. Historia ya nchi haikai katika majengo ya serikali peke yake. Mara nyingi imekaa katika sinia la mgeni, na mwenye kutaka kuijua hana budi kuuliza unga ule ulitoka wapi, na siku ulipokosekana watu walifanya nini.

Mimi nimekulia Mahurunga. Kwa asiyekujua, ni huko mkoani Mtwara, kusini kabisa, kando ya mto Ruvuma unapokaribia kuingia katika Bahari ya Hindi. Ukisimama ukingoni unatazama Msumbiji. Bonde lile linalima mpunga, na minazi haiko mbali. Sukari na unga wa ngano ndivyo vilivyokuwa mbali. Mpaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, gari lililotoka Dar es Salaam kuja kusini lilipaswa kuvuka Rufiji kwa kivuko, na masika yakikolea barabara ilikuwa tope tupu. Mzigo uliokuja kwa meli nao ulitegemea meli yenyewe ipo au haipo.

Sasa tuje mwaka 1983. Nchi ilikuwa katika dhiki. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula fedha nyingi, mafuta yalikuwa ghali duniani, na fedha za kigeni hazikuwapo. Sabuni, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, vyote vilikuwa kwa mgao na kwa foleni. Dada yangu mkubwa alikuwa ameposwa na kijana wa Mikindani, karani, na harusi ilipangwa mwezi wa Shaaban, kabla ya mfungo. Mama, kwa furaha ya mzazi, alikuwa amewaahidi wakwe keki. Si keki kubwa ya ghorofa kama za siku hizi. Alikusudia keki ya sufuria, makaa juu na makaa chini, ikatwe vipande vidogo vidogo ili kila mgeni apate tonge lake moja.

Kwa ahadi hiyo mama alikusanya unga kwa miezi. Nusu kilo hapa, robo kilo pale, mwingine ameupata dukani kwa halali, mwingine amenunua kwa mtu aliyepita na mzigo usiku na ambaye jina lake hakuna aliyelitaja. Ulifika kilo nne hivi, ndani ya mfuko wa kitambaa, chini ya mvungu wa kitanda.

Mwishoni mwa Machi mwaka ule Serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Waziri Mkuu, marehemu Edward Sokoine, ndiye aliyeisimamia. Baadaye Bunge likapitisha sheria maalumu na kuunda mahakama maalumu. Wengi wetu tunakumbuka habari za siku zile: maghala yalipekuliwa, na watu walitupa mali zao porini na mitoni usiku ili wasikutwe nazo. Waliokusudiwa walikuwa watu wakubwa, wenye kuficha magunia kwa mamia huku wananchi wakitaabika. Lakini hofu, ndugu msikilizaji, haina mizani. Haipimi gunia wala kilo. Ilifika Mahurunga na kuingia chini ya mvungu wa mama yangu.

Usiku mmoja aliniamsha. Nilikuwa darasa la tano. Akasema, “Mwanangu, amka, na usikohoe.” Tukashuka mtoni wawili sisi, yeye na mfuko mimi na woga wa mamba. Hakuutupa mfuko mara moja. Aliufungua, akawa anamwaga unga kidogo kidogo, na maji yale meusi yakawa meupe mbele yetu kwa kitambo kisha yakaendelea na safari yake. Mfuko akaufua palepale akarudi nao, kwa sababu kitambaa nacho kilikuwa adimu. Sukari hakuitupa. Ilikuwa kama vikombe viwili katika kopo la majani ya chai, na nadhani moyo ulimshinda. Baba hakuambiwa neno.

Kulipokucha zilibaki wiki mbili kabla ya harusi, na hapakuwa na unga. Dada alilia. Alisema wakwe watasema tumewadanganya. Mama naye alinyamaza siku mbili, halafu akachukua chuma cha vitumbua cha marehemu bibi, kile chenye vishimo saba, akakisugua kwa mchanga na majivu mpaka kikang'aa.

Mpunga mpya ulikuwa umeanza kuvunwa. Aliloweka mchele usiku kucha, akauchuja, akautwanga na kuuchekecha, akakanda kwa tui zito. Hamira haikuwapo madukani. Badala yake alitia tembo tamu la mnazi lililogemwa asubuhi ileile, kama walivyofanya watu wa pwani tangu zamani, na kinyunga kikaumuka. Sukari ya kwenye kopo haikutosha, akaiongezea maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: kila kishimo alikijaza nusu tu. Vikatoka vitumbua vidogo, vyembamba, rangi ya dhahabu, vya kutia kinywani mara moja. Akavipanga katika masinia kama vipande vya keki.

Siku ya siku shangazi wa bwana harusi akauliza waziwazi, “Keki iko wapi?” Uwanja ukanyamaza. Mama akajibu, “Ndiyo hii, bibi. Keki ya kwetu.” Yule mama akachukua kimoja, akatafuna, akachukua cha pili. Hakusifu. Lakini walipokuja siku ya fungate alituma mtu kuomba vingine.

Kwa miaka mingi niliiona hadithi hii kuwa ya aibu. Nilidhani tulikosa kitu halisi tukaweka kitu cha bandia. Nilikuja kubadilika baada ya kusoma habari za Waingereza, ambao ndio tuliochukua kwao hata neno lenyewe keki.

Katika Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na mgao wa sukari, siagi na mafuta. Mwaka 1940 serikali yao ilipiga marufuku kuipamba keki kwa sukari. Maharusi wakafanyaje? Walikodi kifuniko cha kadibodi kilichotengenezwa kwa umbo la keki nyeupe ya ghorofa, wakakiweka mezani wapigwe picha. Chini ya kifuniko kulikuwa na kijikeki kidogo, kikavu. Taifa lililotawala robo ya dunia lilikata keki ya karatasi. Mama yangu hakumfunikia mtu karatasi.

Na hapo, msikilizaji, ndipo habari inaporudi kwetu Mtwara. Vita vilipokwisha, upungufu wa mafuta ya kula uliendelea kuwasumbua Waingereza. Wakatafuta mahali pa kupata mafuta ya kutengenezea majarini, ile siagi ya kupaka mkate na kupikia keki. Wakachagua Tanganyika, na mwaka 1947 ukaanza ule mradi mkubwa wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikajengwa reli ya kusini na bandari ya kina kirefu ya Mtwara. Ardhi ikawashinda, mvua ikawashinda, mashine zikavunjika. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa pauni milioni 36. Reli iling'olewa mapema miaka ya 1960. Bandari ilikamilika mwaka 1954, na mwaka uleule mgao wa majarini na siagi ukaondolewa Uingereza, bila msaada wa karanga zetu.

Kwa maneno mengine, bandari ile tunayoiona Mtwara ilitokana na njaa ya siagi ya watu wengine. Na bado, miaka kama thelathini baadaye, mama mmoja wa siku nzima kwa miguu kutoka bandari hiyo alikosa unga wa kumpikia bintiye keki. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja utaelewa ninachosema: anayetegemea unga wa mbali, hata karamu yake iko mikononi mwa wa mbali.

Vitumbua si upungufu wa keki. Ni keki ya mchele, na jamaa zake wamezunguka bahari yote hii. Madagascar wanayo mofo gasy, mikate midogo ya mchele ya vishimo inayoliwa asubuhi. India ya Kusini wanayo paniyaram, nayo hupikwa katika chuma cha vishimo kama chetu. Watu wa Bahari ya Hindi walijua siku nyingi kwamba kitu cha karamu kinafaa kiwe kidogo, kitamu, na kitoshe wote.

Hali ya mwaka 1983 haikudumu. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa tena. Leo unga wa ngano upo kila duka, ingawa ngano yenyewe kwa sehemu kubwa bado tunaiagiza nje. Kilichobadilika ni sisi. Naona mijini familia zinachangishana mpaka zinagombana, baba anakopa, ati harusi bila keki ya ghorofa tano si harusi. Keki inakatwa, wazazi wanalishwa vipande mbele ya kamera, na wageni wa viti vya nyuma wanarudi nyumbani bila kuionja. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Simkatazi mtu keki. Lakini kwa yule ambaye mwanawe ana sherehe wiki ijayo na mfuko ni mwepesi, haya ndiyo maelekezo ya mama. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, uchuje, usage na kikombe kimoja na nusu cha tui zito. Tia kijiko kimoja cha chai cha hamira, nusu kikombe cha sukari na iliki iliyopondwa. Funika mpaka kiumuke, kama saa moja. Moto uwe mdogo, mafuta kidogo katika kila kishimo, na ujaze nusu tu. Geuza kwa kijiti upande wa pili uive. Ukitaka kuviremba, nyunyizia korosho za kukaanga zilizotwangwa.

Mama ametangulia mbele ya haki. Chuma kile anacho dada yangu, na kishimo kimoja kimeshatoboka. Mwaka jana, alipokuwa akimwoza mjukuu wake, watoto walitaka kuagiza keki kwa mkopo. Dada hakubishana nao. Aliwasimulia habari za usiku ule wa mtoni, ambazo miaka yote hiyo mimi nilidhani ni siri yangu na mama. Kumbe alikuwa macho, akatuona tukitoka, naye akanyamaza.

Harusi ile ililiwa vitumbua. Mkopo haukuchukuliwa.