Nuru ya Hadubini na Ushahidi wa Picha: Kutoka Njia ya Misafara ya Iringa hadi Maabara za Mbeya

Historia ya tiba katika Nyanda za Juu Kusini imeandikwa zaidi kwa kufuata magonjwa na tawala. Insha hii inatetea hoja kwamba historia hiyo yaweza pia kusomwa kwa kufuata nuru, kwa kuwa namna kielelezo kilivyoangazwa iliamua kipi kikubalike kuwa kimeonekana.

Robert Koch alichapisha picha za bakteria mwaka 1877. Kwake, mchoro ulibeba dhana ya mchoraji, ilhali picha iliwapa wengine fursa ya kuhakiki. Hata hivyo, kivuli ambacho jicho hukizoea, bamba la picha hukihifadhi. Mwaka 1886 Ernst Abbe na kampuni ya Zeiss walitoa lenzi zilizorekebisha kasoro za rangi, pamoja na lenzi maalumu za jicho za kutupia taswira juu ya bamba. Mwaka 1893 August Köhler alieleza mpangilio wa lenzi na viwambo uliosambaza nuru ya taa sawasawa juu ya kielelezo.

Mwaka 1905 Koch alichunguza homa ya papasi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akifuata njia ya misafara iliyopanda hadi Iringa. Papasi, kupe asiye na gamba gumu, aliishi katika sakafu za vibanda walimolala wapagazi. Koch alikuta vijidudu vyenye umbo la parafujo hata ndani ya mayai ya papasi. Hivyo kizazi kipya kiliweza kuzaliwa na maambukizi. Hadubini ilithibitisha kijidudu. Haikuweza kuonyesha kibanda wala ajira iliyomlaza mpagazi humo.

Suala la nuru halijakoma. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za mng'ao zenye taa za LED katika uchunguzi wa kifua kikuu, ugonjwa unaotafitiwa pia na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mjini Mbeya. Taa hizo hudumu kuliko za zebaki na zaweza kutumia betri, jambo lenye uzito pale umeme unapokatika.

Kwa hiyo, mwanahistoria anayetumia picha ya hadubini kama chanzo anapaswa kuhoji mambo mawili: nuru ilitoka wapi, na nini kiliachwa gizani.