Kiyoyozi Kilichozaliwa kwa Ajili ya Karatasi

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, sina budi kukiri kosa langu. Mwaka juzi, kaskazi ilipokuwa ukingoni na masika hayajaanza, nilifungisha kiyoyozi katika chumba cha shangazi yangu mjini Tanga. Humo limo sanduku la marehemu babu, lenye madaftari ya tenzi na mashairi aliyoyaandika kwa hati za Kiarabu, kwa kalamu ya kuchovya, juu ya karatasi za shule zisizo imara. Nilidhani nayahifadhi. Masika yalipokwisha, shangazi alinipigia simu.

"Mwanangu," aliniambia, "madaftari ya babu yako yameota ukungu."

Neno hilo halikunitoka kichwani. Ukungu ndio ule unaoifunika milima ya Usambara alfajiri, na ukungu ndio huu unaouvaa mkate uliosahauliwa kabatini. Huu wa pili una majina mengine, kuvu na koga, lakini shangazi alichagua hilo. Katika kulitafakari nikaanza kusoma asili ya mashine niliyomfungia, na nilichokikuta kilinitahayarisha zaidi. Kiyoyozi hakikubuniwa ili kumpoza mtu. Kilibuniwa ili kuiokoa karatasi na unyevu.

Mwaka 1902, huko Brooklyn katika jiji la New York, palikuwa na kiwanda cha uchapaji kilichoitwa Sackett & Wilhelms. Kiwanda hicho kilichapa picha za rangi, na rangi zilipigwa moja baada ya nyingine: karatasi ilipita mashinini kwa rangi ya kwanza, ikarudishwa kwa ya pili, ikarudishwa tena. Sasa, karatasi ni kitu kinywaji. Hewa ikiwa na mvuke mwingi, karatasi huunywa ikatanuka. Hewa ikikauka, nayo husinyaa. Katika kiangazi cha New York chenye mvuke, karatasi iliyopigwa rangi moja leo haikuwa na upana uleule kesho yake ilipoletwa kupigwa nyingine. Wekundu wa mdomo ukaangukia shavuni.

Aliyetwikwa tatizo hilo ni Willis Carrier, kijana wa miaka 25 aliyehitimu Chuo Kikuu cha Cornell mwaka uliotangulia na kuajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge. Michoro yake ina tarehe ya 17 Julai 1902. Shabaha aliyowekewa ilikuwa unyevu wa asilimia 55 mwaka mzima, pamoja na joto la nyuzi 27 hivi za Selsiasi wakati wa kiangazi. Naomba msomaji aitazame vizuri hiyo 27. Mimi mashine ya shangazi niliiweka kwenye 16.

Husimuliwa kwamba mwishoni mwa mwaka huohuo Carrier alikuwa akingoja treni katika kituo cha Pittsburgh, usiku, ukungu umetanda. Akajiuliza: hewa hii imejaa maji mpaka pomoni, lakini kwa kuwa ni baridi, maji yaliyomo si mengi. Kila hewa ina kadiri yake ya baridi ambayo ikiifikia haiwezi tena kuubeba mvuke wake, hivyo huutua kama mchukuzi atuavyo mzigo. Basi ukiweza kuutengeneza ukungu kwa baridi unayoichagua wewe, utakuwa umechagua pia kiasi cha maji kitakachobaki hewani. Kutokana na wazo hilo akaunda chombo kilichoipitisha hewa katikati ya manyunyu ya maji baridi. Mvuke uliozidi ulijishika kwenye matone, na hewa ikatoka upande wa pili ikiwa kavu kuliko ilivyoingia. Kuikausha hewa kwa kuinyunyizia maji: ni fumbo ambalo mtunzi yeyote wa vitendawili angeridhika nalo. Hataza ya chombo hicho ilitolewa tarehe 2 Januari 1906.

Jina la Kiingereza la fani hii, hata hivyo, halikutoka kwa Carrier. Lilitungwa mwaka huo wa 1906 na Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya pamba huko North Carolina, na kazi yake ilikuwa kinyume kabisa cha ile ya Brooklyn. Uzi wa pamba ukikauka mno hukatika, kwa hiyo yeye alitia maji hewani. Katika viwanda hivyo palikuwa na neno la kuuweka uzi katika hali inayofaa kufumwa, naye akalihamisha neno hilo kutoka kwenye uzi hadi kwenye hewa. Mmoja alitoa maji na mwingine alitia, wakakutana chini ya jina moja ambalo halitaji baridi wala joto. Neno letu kiyoyozi nalo halivitaji. Ni sisi watumiaji tuliolitia baridi ndani yake.

Starehe ya binadamu ilikuja baadaye, tena kwa mlango wa burudani. Mwaka 1925 Carrier aliupoza ukumbi wa sinema wa Rivoli, New York, na watu wakazoea kukata tiketi ili wapumzike na joto, filamu ikiwa ni ziada. Miaka hiyo sitaikalia. Historia yake imeandikwa sana. Ninachotaka kionekane ni kwamba kadiri mashine ilivyoingia majumbani, habari ya maji ilisahaulika, ikabaki habari ya baridi.

Umbo tunalolijua sisi, la chombo kimoja ukutani ndani na kingine kinachonguruma nje, lilipevuka Japani. Toshiba walitoa cha kwanza chao cha namna hiyo mwaka 1961, na ni Toshiba haohao walioleta mwaka 1981 kiyoyozi cha nyumbani ambacho kompresa yake hubadili mwendo badala ya kuwaka na kuzima tu. Mitsubishi Electric nao walikiita chao Kirigamine, jina la nyanda za juu katika jimbo la Nagano. Maana yake ni kilele cha ukungu. Nilipolisoma hilo nilikiweka kitabu chini kwa muda.

Ufundi wenyewe si mgumu kuueleza. Ndani ya chombo cha ukutani mna mabomba membamba yaliyopoozwa na gesi. Feni huivuta hewa ya chumba ikaipitisha juu ya mabomba hayo, joto likamezwa na gesi na kupelekwa nje, na mvuke ukajitua juu ya mabomba kama umande, ukachuruzika hadi kwenye mpira unaodondosha maji nyuma ya nyumba. Yale maji ambayo majirani huyalalamikia yalikuwa hewani mwako dakika chache nyuma. Manyunyu ya Carrier hayapo tena, lakini umande uleule ungali unafanya kazi.

Hapo ndipo nilipolifahamu kosa langu. Mchana mashine ilipuliza kwa agizo la 16, na sanduku liliachwa wazi kwa amri yangu mimi, ili baridi iingie. Magharibi shangazi aliizima akafungua madirisha, kama tulivyolelewa sote, chumba kipate upepo wa bahari. Upepo huo ni mchukuzi mkubwa wa mvuke. Ulipozigusa karatasi zilizopoa kutwa nzima ulitua mzigo wake papo hapo, sawa na chupa ya soda itokayo kwenye friji inavyotokwa na jasho mezani. Kila jioni, kwa miezi, niliyanyeshea umande madaftari ya babu.

Nilimwagiza kwa simu aiweke mashine kwenye 26, tena kwenye alama ya tone, na asiizime jioni. Akabonyeza, akanisomea kioo cha rimoti: tone lipo, 26 ipo. Nikatulia. Wiki mbili baadaye nilifika Tanga, nikaingia chumbani, nikapigwa na baridi ileile ya awali.

Hapa sina budi kukisemea kile kidude cha mkononi. Wapo wanaokiita kitenzambali, neno ninalolipenda kwa kuwa limetoka kwenye tenda, mzizi uleule uliotupa utenzi. Lakini shangazi husema rimoti, nami nikiwa kwake husema rimoti. Ukoo wake ni mrefu. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1955 Eugene Polley wa kampuni ya Zenith alitengeneza tochi ya kuongozea televisheni, nayo ilikuwa na aibu moja: mwanga wa jua uliweza kuingilia kati na kubadili stesheni. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler alitumia vijiti vya alumini vilivyogongwa na nyundo ndogo, vikatoa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Mwanga ulirejea baadaye, safari hii usioonekana kwa macho. Ielekeze rimoti kwenye kamera ya simu, ubonyeze, na huenda ukauona ukimetameta kama zambarau hafifu.

Lakini rimoti ya kiyoyozi haisemi kama ya televisheni. Ya televisheni hutuma neno moja moja: ongeza, punguza, zima. Ya kiyoyozi, kwa kawaida, hutuma ubeti mzima kila unapobonyeza: kazi ipi, nyuzi ngapi, feni kwa kasi gani, mabawa yaelekee wapi. Ubeti huo ndio ulioandikwa kwenye kioo chake. Na kwa kuwa katika rimoti nyingi mashine haijibu, kioo hicho hukuonyesha ulichoagiza, hakikuonyeshi kilichotendeka. Shangazi alikuwa akibonyeza akiwa sebuleni, rimoti ikitazama ukuta, na betri zimechoka. Kioo hutumia umeme kidogo sana, hivyo kiliendelea kung'aa na kusema 26 ilhali ujumbe haukuvuka mlango. Dawa yake ni kusimama mbele ya chombo na kusubiri kilie. Kisipolia, hakikusikia.

Nikaketi naye kumwandikia kadi ya kubandika ukutani. Alama ya theluji yeye aliiita ua, na sioni kwa nini nimkosoe. Theluji ameiona wapi? Ua likaandikwa Baridi, bila mjadala. Tone ndilo lililotusumbua. Alikuwa ameliepuka kwa kuwa alidhani litamwaga maji, na dhana hiyo si ya kijinga hata kidogo: picha ni ya maji, na kazi ni ya kuyaondoa. Kando yake pameandikwa kwa Kiingereza Dry. Nilijaribu Kausha.

"Kausha nini?" akaniuliza. "Nguo?"

Nikakumbuka kwamba Kiswahili kina joto, kina hari, na kina fukuto, na kwamba mtu wa pwani havichanganyi. Joto la mchana wa kaskazi, upepo ukivuma, mtu hulistahimili kivulini. Fukuto ni lile la kabla ya mvua, mawingu yameshuka, nguo zimegoma kukauka kambani, mwili unatoka jasho nalo halina pa kwenda kwa kuwa hewa imekwisha kushiba. Ua hupigana na joto. Tone hupigana na fukuto: mashine hupunguza kasi ya feni ili hewa ikae zaidi na mabomba yaliyo baridi, ikatua maji mengi bila chumba kupoa kupita kiasi. Nikaandika Toa fukuto.

"Kumbe hiki ndicho cha siku za mawingu," akasema, akaibonyeza mwenyewe.

Kitufe cha usingizi kilitupa shida ndogo. Nilikuwa nimeandika Lala, naye akataka kujua analala nani, yeye au mashine. Kwa kuwa kazi yake ni kupandisha nyuzi kidogo kidogo usiku unavyoendelea, asiyekoma ni mashine, tukaandika Usiku. Kile cha Auto nimekiacha bila jina, na nimemwomba asikiguse.

Sanduku sasa limefungwa, halikai tena mbele ya upepo wa mashine, na juu yake nimeweka kipimaunyevu kidogo, kwa sababu tone katika viyoyozi vya kawaida vya nyumbani halikuhakikishii asilimia yoyote. Shangazi hukisoma kila baada ya alfajiri na kunitumia namba. Wiki hii imekuwa kati ya 56 na 60, karibu kabisa na ile ya Brooklyn. Kurasa nyingi zimepona baada ya kuanikwa kivulini na kupanguswa koga kwa brashi laini. Tisa zimegandana na sijathubutu kuzibandua. Mbili nyingine ziliachana zenyewe, ila wino wa mmoja umehamia kwenye mwenzake kinyumenyume, na ule wa asili umefifia, hivyo beti hizo nazisoma kwa kioo, hati ya Kiarabu ikinitiririkia tena kutoka kulia kwenda kushoto. Nimefika ubeti wa 14.