Mwendokasi, mzunguko na mzingo: istilahi za kukokotoa mwendo wa gari

mwendokasi *nm* [u-/i-] kiasi cha umbali unaokwendwa na kitu katika kipimo fulani cha muda: *Mwendokasi wa gari ni kilomita 80 kwa saa.*

mzunguko *nm* [u-/i-] tendo la kitu kuzunguka na kurejea pale kilipoanzia: *Injini inafanya mizunguko 3,000 kwa dakika.*

mzingo *nm* [u-/i-] urefu wa mstari unaozingira umbo, hasa duara: *Mzingo wa tairi ni mita 2.*

uwiano *nm* [u-] uhusiano wa idadi au ukubwa wa vitu viwili, unaopatikana kwa kugawanya kimoja kwa kingine: *uwiano wa 4 kwa 1.*

Kwa nini maneno haya yasichanganywe

Mwendokasi wa gari unaweza kujulikana bila kutazama spidomita, mradi zijulikane idadi ya mizunguko ya injini, uwiano wa gia na ukubwa wa tairi. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Ugumu hujitokeza katika maelezo yake kwa Kiswahili, kwa kuwa *mzunguko* hutumiwa mara nyingi mahali pa *mzingo*. Sentensi kama *Zidisha mizunguko ya gurudumu kwa mzunguko wake* humwacha msomaji njia panda: neno la kwanza linataja idadi ya matendo, la pili linakusudia urefu, ilhali umbo ni lile lile. Iandikwe: *Zidisha mizunguko ya gurudumu kwa mzingo wake.* Hapo msomaji huona mara moja kwamba jibu ni umbali.

Mfasiri anayetoka katika Kiingereza ana mtego mwingine. Neno la lugha hiyo linalotaja mzunguko wa injini ndilo hilo hilo linalotaja mapinduzi ya kisiasa. Kiswahili kimezitenga dhana hizo: injini ina *mizunguko*, *mapinduzi* ni ya dola.

Safari ya mwendo kutoka injini hadi barabarani

Injini huzungusha krenkishafti. Mzunguko huo hupita kwenye klachi, ukaingia kwenye giaboksi, kisha kwenye difu, na mwisho ukafika kwenye magurudumu. Giaboksi na difu zina magurudumu ya meno. Gurudumu la meno 10 likiendesha la meno 40, la kwanza huzunguka mara 4 ili la pili lizunguke mara 1. Uwiano wake ni 4 kwa 1, au kwa kifupi 4. Kwa sababu mwendo hupita sehemu zote mbili, uwiano wa gia huzidishwa kwa uwiano wa difu, haujumlishwi.

Kanuni

Mizunguko ya gurudumu kwa dakika = mizunguko ya injini kwa dakika ÷ (uwiano wa gia × uwiano wa difu)

Mwendokasi katika kilomita kwa saa = mizunguko ya gurudumu kwa dakika × mzingo wa tairi katika mita × 60 ÷ 1,000

Kuzidisha kwa 60 hubadili dakika kuwa saa. Kugawanya kwa 1,000 hubadili mita kuwa kilomita.

Kusoma ukubwa wa tairi

Tairi lililoandikwa 195/65R15 lina upana wa milimita 195. Namba 65 si milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 126.75. Herufi R huonyesha namna nyuzi za tairi zilivyopangwa. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Kipenyo cha tairi zima hujumuisha rimu na ubavu mara mbili, juu na chini: 381 + 126.75 + 126.75 = milimita 634.5. Kipenyo kikizidishwa kwa 3.1416, mzingo huwa mita 1.993 hivi.

Mfano

Ichukuliwe gari lenye tairi hilo, difu ya uwiano wa 4.0, na injini inayofanya mizunguko 3,000 kwa dakika.

- Gia ya kwanza, uwiano 3.5: 3,000 ÷ 14 = mizunguko 214.3, mwendokasi ni kilomita 25.6 kwa saa.
- Gia ya nne, uwiano 1.0: 3,000 ÷ 4 = mizunguko 750; mwendokasi ni kilomita 89.7 kwa saa.
- Gia ya tano, uwiano 0.8: 3,000 ÷ 3.2 = mizunguko 937.5, mwendokasi ni kilomita 112.1 kwa saa.

Anayetumia kipenyo badala ya mzingo katika gia ya tano atapata kilomita 35.7 kwa saa, kosa la zaidi ya mara tatu.

Gia kubwa ni ipi?

Mfano huo unaonyesha kwamba *kupandisha gia* ni *kushusha uwiano*. Gia ya kwanza ina namba ndogo kuliko zote lakini uwiano mkubwa kuliko wote: nguvu ya kuvuta ni nyingi, mwendo ni mdogo. Kwa hiyo *gia kubwa* yaweza kueleweka kwa namna mbili zinazopingana. Katika maelekezo ya kuteremka mlima kwa lori, utata huo ni wa hatari, kwani dereva huhitaji gia ya namba ya chini ili injini izuie gari. Iandikwe *gia ya pili* au *gia ya namba ya chini*.

Tairi likibadilishwa

Spidomita huhesabu kwa kufuata ukubwa wa tairi la awali. Likivalishwa 205/70R15, kipenyo huwa milimita 668, ongezeko la asilimia 5.3. Ikiwa spidomita ilikuwa sahihi mwanzoni, inaposoma 80 gari huwa linakwenda kilomita 84.2 kwa saa. Jibu la kanuni lenyewe ni la kukadiria: tairi hubonyea kidogo kwa uzito wa gari, na klachi inayoteleza hupoteza mizunguko njiani.

Mwendo, kasi na mwendokasi

*Mwendo* una maana pana: huweza kutaja hata umbali au muda, kama katika *mwendo wa saa tatu*. *Kasi* hutumika kama nomino, na pia kama kielezi: *alikwenda kasi*. Katika hesabu *mwendokasi* hufaa zaidi, na huandikwa neno moja. Hata hivyo, jijini Dar es Salaam neno hilo hutaja pia mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016. *Nimepanda mwendokasi* haihitaji kanuni yoyote ya hesabu.