Ufikivu au Ufikikaji?

Masika yakikolea, watu husema kijiji fulani hakifikiki. Hakuna anayedhani kwamba kasoro iko miguuni mwa msafiri. Kitenzi chenyewe kimeshakata shauri: barabara imekatika, au daraja limekwenda na maji, na anayedaiwa ni mwenye kutunza barabara. Kazi hiyo yote imefanywa na kiambishi kidogo, -ik-, kinachoiondoa sifa kwa anayekwenda na kuiweka pale panapokwendewa. Naanzia hapo kwa sababu Kiswahili bado hakijatulia juu ya jina la sifa ya tovuti ambayo mtu asiyeona, asiyesikia au asiyeweza kushika kipanya anaitumia bila kuomba msaada wa jirani. Majina yapo, tena kadhaa, na yanashindana kwa zaidi ya ladha, maana kila moja linamkabidhi mtu tofauti kazi ya kurekebisha. Mwenye duka dogo anayelipia tovuti yake ya kwanza anahitaji kujua kazi hiyo ni ya nani kabla hajaambiwa ifanyweje. Mimi nalitetea neno ufikikaji.

Upatikanaji tuliondoe mapema. Sote tumesikia sauti ya simu ikituambia kwamba namba tunayopiga haipatikani, na ukimwambia mwenye duka kuwa tovuti yake haipatikani atampigia fundi kuuliza kama mtandao umekatika. Ufikiaji nao ni tendo la mtu: mimi naifikia hati, benki inadhibiti ufikiaji wa akaunti. Ni neno zuri kwa kazi hiyo, liachwe huko. Mshindani mwenye wafuasi wengi zaidi ni rafiki. Katika hotuba na taarifa za habari, hasa Tanzania, vyoo ni rafiki kwa watu wenye ulemavu, madarasa ni rafiki, miundombinu ni rafiki. Neno linapendeza na kila mtu analielewa, lakini urafiki ni hisani, na hisani haina kipimo. Ngazi yenye mteremko upande mmoja itaitwa rafiki hata kama mteremko wenyewe ni mkali kiasi cha kumrudisha chini mwenye kiti cha magurudumu. Ukiuliza kama mlango unafikika, utajibiwa ndiyo au hapana, na jibu litathibitishwa na mtu mwenye kiti papo hapo.

Linabaki ufikivu, ambalo simu nyingi za Android zilizowekwa Kiswahili zinalo katika menyu ya mipangilio. Hili linataka hoja ya sarufi. Kiambishi -vu, pamoja na ndugu yake -fu, humpa sifa yule anayetenda au anayekuwa katika hali ya kitenzi. Msikivu ni anayesikia. Kinachosikika hakiitwi kisikivu. Mharibifu huharibu, ilhali nyanya sokoni huharibika, na hakuna muuzaji anayeziita nyanya haribifu. Kwa kanuni hiyo, mfikivu angekuwa mtu mwepesi wa kufika, na ufikivu ungekuwa sifa yake yeye mgeni. Mtetezi wa neno hili anaweza kutaja -nyoofu, linalotokana na nyooka, na -tukufu, linalotokana na tukuka, ambako sifa imebaki kwenye kitu. Ni kweli, lakini vitenzi hivyo vimeshabeba -k- ya hali, nayo imegeuka f. Tukiifuata njia hiyo hadi mwisho, fikika ingezaa ufikifu, neno ambalo sijaona anayelitaka. Hata hivyo sioni haja ya kuling'oa ufikivu katika simu. Pale linataja zana anazopewa mtu ili naye afike: sauti ya kumsomea skrini, herufi za kukuzwa, maandishi yanayofuata mazungumzo. Sifa inayoongezwa ni ya mtumiaji, kwa hiyo sarufi haijavunjika. Tatizo linakuja neno lilelile linapohamishiwa kwenye tovuti, maana hapo linadokeza kwamba mteja akishajipatia zana zake, mwenye duka hana deni.

Deni analo, na ukurasa mmoja unatosha kulionyesha. Chukua duka la nguo lenye tovuti ya kurasa tatu, zilizojengwa juu ya kiolezo cha bure. Ukurasa wa mbele ni bango moja lililotengenezwa kwa ajili ya WhatsApp kisha likapandishwa kama lilivyo: magauni manne, bei, namba ya simu na lipa namba, vyote vimo ndani ya picha. Mteja asiyeona ana simu yenye kisoma skrini cha TalkBack, au kompyuta yenye NVDA, programu ya bure ya kazi hiyohiyo iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona. Zana anazo, na anazitumia kwa kasi ambayo wengi wetu tusingeweza kuifuata kwa sikio. Kisoma skrini kinafika kwenye bango, hakikuti maelezo yoyote yaliyoandikwa nyuma ya picha, na kwa kukosa cha kusema huenda kikasoma jina la faili: IMG, tarakimu nane za tarehe, WA, sifuri sifuri sifuri nne. Bei haijatajwa wala lipa namba. Chini ya bango kuna aya ya Kiswahili fasaha, ila kiolezo kimetangaza katika msimbo wake kwamba ukurasa ni wa Kiingereza, basi sauti inabadilika na nguo za kike zinakuwa nguo za «kaik», pale mtaani panakuwa «peil». Dawa ya kosa hili la pili ni herufi mbili: en ifutwe, iandikwe sw. Kwa wasomaji wa Kiswahili nadhani hii ndiyo kasoro ya kuchunguza kwanza, kwa kuwa violezo vingi huja vikiwa vimeshaandikiwa Kiingereza, na mwenye macho hawezi kuiona.

Kasoro hizi si za maduka ya kwetu peke yake. Shirika la WebAIM la Marekani hupima kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja, na mwaka 2024 lilikuta makosa yanayotambulika kwa mashine katika asilimia 95.9 ya kurasa hizo. Kosa lililoongoza, katika asilimia 81, lilikuwa maandishi yaliyofifia mbele ya usuli wake. Picha zisizo na maelezo zilikuwa katika asilimia 54.5. Mwongozo wa kimataifa wa ufikikaji wa tovuti, WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unataka maandishi ya kawaida yazidiane mwanga na usuli kwa angalau 4.5 kwa 1. Kipimo hicho hakina huruma: kijivu chenye namba ya rangi 777777 juu ya nyeupe hupata takriban 4.48 na kushindwa, wakati 767676, ambacho jicho halikitofautishi nacho, hupita. Rangi ya chungwa wanayoipenda wabunifu haifiki hata 2. Na hapa anayeumia si mwenye uoni hafifu tu. Bei ya chungwa juu ya nyeupe haisomeki kwa mtu yeyote aliyesimama kituoni juani saa saba mchana.

Wapo watakaosema wateja wenye ulemavu ni wachache mno kwa biashara ndogo kuwagharamia. Lakini hesabu ya uchache huo yenyewe inayumba: sensa ya Kenya ya 2009 ilitoa asilimia 3.5, ile ya 2019 ikatoa 2.2. Ulemavu haukupungua kwa zaidi ya theluthi katika miaka kumi. Kilichobadilika ni maswali na namna ya kuhesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya wanadamu. Mwenye duka asiyemwona mteja wa namna hii ajiulize kwanza kama mlango wake umewahi kumruhusu aonekane. Wengine hukimbilia sheria, na sheria kweli ina huruma kwa wadogo: kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu ufikikaji iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025 inawasamehe watoa huduma wenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato yasiyozidi euro milioni 2. Lakini msamaha huo unahusu wajibu wa kisheria tu. Bango bado halisomeki, na magauni bado hayajauzwa. Kuna pia wanaouziwa kijisehemu cha msimbo kinachodaiwa kurekebisha tovuti nzima kwa siku moja. Januari 2025 tume ya Marekani inayolinda walaji, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1 kwa madai ya aina hiyo kuhusu programu yake. Mwenye duka angetumia nusu saa kuandika bei chini ya kila picha, angekuwa amefanya kazi ya maana zaidi.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la lugha: kufika si kutumia. Mtu anaweza kufika dukani, akasimama mbele ya kaunta, na asielewe kinachouzwa. Ningekubali, kama fika ingekuwa ya miguu tu. Lakini tunafikia bei, tunafikia mwafaka, na ujumbe hufika pale unapoeleweka. WCAG yenyewe ina nguzo nne, na ukizieleza kwa Kiswahili, tatu zinajileta katika umbo lilelile: yaliyomo yatambulike kwa hisi zaidi ya moja, vitufe viendesheke hata kwa kibodi pekee, na maneno yaeleweke. Ya nne, kwamba ukurasa uvumilie vifaa vya kila aina, vipya na vikuukuu, ndiyo pekee inayotaka kitenzi cha aina nyingine. Ufikikaji unazikusanya tatu za kwanza bila kulazimishwa na ya nne bila kelele. Ulimi utajikwaa mwanzoni kwenye zile k mbili, sikatai. Lakini mteja hatalihitaji neno lote. Atasema kwa simu, «Dada, ukurasa wenu wa bei haufikiki», na dada wa dukani, aliyekulia kijijini ambako basi halifiki Aprili, ataanza kwa kuuliza umekatikia wapi.