Mlimani, Haraka Haina Baraka

 

Shule zikikaribia kufungwa, barua za safari huletwa nyumbani. Mtoto anataka kupanda Mlima Kenya na wenzake, nawe unaombwa nauli na sahihi. Kabla hujatia sahihi, keti kidogo tusimuliane jinsi binadamu alivyoutambua ugonjwa wa mwinuko, yaani ugonjwa unaowapata watu wakipanda juu sana kwa haraka.

Mwaka wa 1590, padre Mhispania aitwaye José de Acosta alichapisha kitabu kilichoeleza alivyotapika na kuzidiwa alipovuka milima mirefu ya Peru. Alisema hewa ya huko ni nyepesi mno kwa pumzi ya binadamu. Alikuwa karibu na ukweli. Mwaka wa 1878, mwanasayansi Mfaransa, Paul Bert, alionyesha kwamba kinachomdhuru mtu huko juu ni upungufu wa oksijeni. Kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, kila pumzi ina oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile anayoivuta mtu wa Mombasa.

Mwaka wa 1913, daktari Mwingereza, Thomas Ravenhill, aliandika juu ya wagonjwa aliowatibu kwenye mgodi milimani Chile. Wengi waliumwa kichwa na kutapika, kisha wakapona. Wachache walishindwa kupumua, na wengine walichanganyikiwa akili. Maandishi yake yalisahauliwa kwa miaka mingi. Ilipofika 1960, daktari Mmarekani, Charles Houston, alieleza habari za kijana mwenye afya aliyejaa maji mapafuni baada ya kupanda mlima. Kabla ya hapo, wagonjwa kama huyo mara nyingi walidhaniwa wana nimonia.

Sasa turudi kwetu. Halford Mackinder na wenzake wawili walifika kilele cha Batian mwezi wa Septemba 1899. Hawakuwa na barabara, na walikaa mlimani wiki kadhaa. Miili yao ilipata muda wa kuzoea. Siku hizi mtu hutoka Nairobi kwa gari asubuhi, akalala mita 3,000 usiku huohuo. Kesho yake analala mita 4,200, na alfajiri inayofuata yuko njiani kuelekea Lenana. Gari limetuondolea uchovu, lakini limetunyang'anya muda wa kuzoea.

Kwa hiyo mama, muulize mwalimu maswali haya. Watalala siku ngapi njiani? Ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne kuwe na siku ya mapumziko. Je, kuna mtu mzima wa kumteremsha mtoto akiugua, hata usiku? Mtoto ana sweta nzito, koti la mvua na soksi kavu?

Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu asipelekwe huko juu. Mwenye mafua au kikohozi angoje apone. Mama mjamzito aulize kwanza kliniki.

Mfundishe mtoto kusema mapema kichwa kikimuuma. Mdogo asiyeweza kujieleza atalia ovyo, atakataa chakula na hatataka kucheza. Akiwa hivyo, asipande tena mpaka apate nafuu, na asipopata nafuu ateremshwe. Dalili za hatari ni hizi: kuhema hata akiwa ameketi, kikohozi chenye povu, midomo kuwa ya buluu, kuyumbayumba kama mlevi, au kuongea mambo yasiyoeleweka. Hapo dawa ya kwanza ni kumteremsha mara moja, halafu apelekwe hospitali. Msingoje kupambazuke.

Na wewe mama ambaye mwanao ni mpagazi mlimani, mwambie naye: kuzaliwa karibu na mlima hakumkingi. Mwili wa mpagazi nao unahitaji muda wa kuzoea.

Kilele hakihami. Mtoto akirudi nyumbani salama leo, ataweza kukipanda mwaka ujao.